Mitishamba, Steroidi na Mifupa: Tuwaahidi Nini Wagonjwa wa Migori na Homa Bay?



Prednisoloni na deksamethasoni, ambazo ni dawa za steroidi, huokoa maisha. Mwenye pumu iliyombana, mtoto aliyevimba kwa maradhi ya figo, mgonjwa wa lupasi, wote hao wanazihitaji. Sitaki yeyote atoke hapa akizichukia.

Hata hivyo, zinadhuru mifupa. Mfupa ni kitu hai: kila siku seli nyingine hubomoa na nyingine hujenga. Steroidi hudhoofisha zinazojenga, huua zilizomo ndani ya mfupa, na hupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni. Mifupa huisha nguvu kwa kasi zaidi katika miezi ya kwanza ya matumizi, na hata miligramu 5 za prednisoloni kwa siku, zikiendelea kwa miezi mitatu, huongeza hatari ya kuvunjika. Pia damu huweza kukosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kikafa. Baada ya mlipuko wa SARS wa 2003, wengi waliopona huko China na Hong Kong kwa dozi kubwa za steroidi walipata maumivu ya nyonga ya namna hiyo. Kwetu kando ya Ziwa Viktoria jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu selimundu nayo huua mfupa uleule.

Mitishamba inaingia wapi? Sehemu ya uharibifu huo hutokana na chembe haribifu za oksijeni zinazozidi ndani ya seli za mfupa, na antioksidanti huzituliza. Kurkumini ya manjano na kwesetini ya vitunguu zimepunguza madhara hayo kwa panya na kwenye seli za maabara. Ni habari njema kwa watafiti, lakini bado si tiba. Kurkumini, kwa mfano, huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno mtu anapoinywa. Hakuna mwongozo wa tiba unaomruhusu daktari kutegemea majani au mizizi kulinda mifupa ya mgonjwa wa steroidi.

Hatari ya kutegemea mitishamba pekee tuliiona Loliondo, Tanzania, mwaka 2011. Mchungaji Ambilikile Mwasapila alitoa kikombe cha dawa ya mugariga, mti ambao Wajaluo tunauita ochuoga, na Wakenya wengi walivuka mpaka kukinywa. Mti huo haukuwa na kosa. Maafa yalikuwa kwa walioacha dawa zao za kufubaza virusi vya Ukimwi.

Kinachoniogopesha zaidi ni unga wa maumivu ya viungo unaouzwa kwa jina la mitishamba huku umechanganywa na steroidi yenyewe. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, bidhaa iliyonadiwa kuwa ya mimea, baada ya kupata ndani yake deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa kile anachodhani kinalinda mifupa, kumbe ndicho kinachoila. Dawa ya "kienyeji" inayomaliza maumivu ya miaka kwa siku mbili, kisha uso ukaanza kuvimba na sukari kupanda, itiliwe shaka mara moja.

Mboga zetu nazisifu, ila kama chakula. Dek (mgagani) iliyopikwa kwa maziwa, osuga (mnavu), na omena (dagaa) anayeliwa na mifupa yake humpa mgonjwa kalsiamu ya kweli. Juu ya hayo, daktari apime dozi ndogo kabisa inayotosha, kwa muda mfupi unaowezekana, aangalie vitamini D, na aliye hatarini sana apewe dawa za kuimarisha mifupa kama alendronati. Pombe na sigara ziachwe.

Waganga wenzetu, ninyi ndio mnaoaminiwa kwanza. Kabla ya kumpa mtu mzizi, mwulizeni anatumia vidonge gani, na aliyetumia steroidi kwa wiki kadhaa msimwambie aziache ghafla: mwili wake huenda umeacha kutengeneza homoni yake ya asili ya aina hiyo, na anaweza kuzimia au kufa. Wenye kemisti, msiuze prednisoloni bila cheti cha daktari. Na yeyote aliye na unga wa viungo anaoutilia shaka aufikishe kwa Bodi ya Famasia na Sumu, pamoja na pakiti yake.