Milango Isiyohesabiwa: Ngozi na Namna Inavyosikia



Shuleni tulifundishwa kuwa milango ya fahamu ni mitano. Sina ugomvi na mwalimu wangu, ila Kiswahili chenyewe hakijawahi kuiheshimu sana hesabu hiyo. Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na husikia maumivu. Wapo wahariri wanaotusahihisha, wakitaka kila mahali tuandike "kuhisi". Jioni ya leo nasimama upande wa bibi zetu.

Tuanzie jikoni. Moto huwashwa, pilipili nayo huwasha. Kwa nini kitenzi kimoja? Mwaka 1997, David Julius na wenzake huko San Francisco, Marekani, walikuwa wakitafuta mahali inaposhika kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Walichukua vipande vya DNA kwa mamilioni, wakavitia katika seli ambazo kwa kawaida hazijali pilipili, hadi wakapata jeni moja iliyozifanya ziitikie. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo TRPV1, ambayo hukaa kwenye utando wa neva, nayo ni mlango hasa. Joto likizidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, mlango hufunguka, ayoni za kalisi na sodiamu huingia ndani, na neva hupeleka habari. Kapsaisini hufungua mlango uleule. Neva haitaji jina la aliyebisha hodi, kwa hiyo ubongo hupokea habari ya moto, na mlaji hutokwa jasho ilhali mchuzi umekwishapoa. Aliyeipa pilipili kitenzi cha moto hakuwa akipamba maneno. (Kuku, kwa taarifa yenu, hudonoa pilipili bila wasiwasi: mlango wake wa TRPV1 hauitambui kapsaisini.)

Mguso wenyewe ulichelewa kueleweka. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut anayefanya kazi California, pamoja na Bertrand Coste, walichukua seli zinazotoa mkondo mdogo wa umeme zikidungwa-dungwa kwa ncha ya kioo. Waliorodhesha jeni 72 walizozishuku, wakaanza kuzizima moja baada ya nyingine. Jaribu kufikiria uvumilivu wa kazi hiyo: unazima, unadunga, seli inaitikia kama jana. Ilipozimwa ya 72, seli ilinyamaza. Wakaiita Piezo1, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgandamizo, kisha wakampata ndugu yake, Piezo2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na mwaka 2021 Julius na Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Piezo2 ndiyo inayovuruga hesabu ya mwalimu wangu. Umeme ukikatika katikati ya chakula, hakuna anayepeleka tonge la ugali sikioni. Mkono unaijua njia ya kinywa gizani, kwa sababu milango ya Piezo2 iliyomo kwenye misuli huueleza ubongo viungo viko wapi. Wapo watu wachache waliozaliwa na hitilafu katika jeni hiyo. Joto na baridi wanavisikia, lakini wakifumba macho hawajui mikono yao imeelekea wapi, na kutembea gizani huwa mtihani. Mlango huo wa misuli si jicho, si sikio, si pua, si ulimi, wala hauko juu ya ngozi.

Maumivu nayo, ambayo sote tungependa yasiwepo, yana kazi ambayo ukoma umetufundisha kwa ukatili. Bakteria wake huvamia neva zilizo karibu na ngozi. Mtu hushika sufuria ya moto asiisikie, hukanyaga mwiba akaendelea na safari yake. Wengi huamini ukoma hula vidole. Vidole huharibiwa zaidi na majeraha yasiyosikika, siku baada ya siku.

Kwa hiyo nina ombi moja, hasa kwa wanafunzi mnaorudi vijijini likizo hii. Mkimwona mtu mwenye baka lililopauka au jekundu kwenye ngozi, mguseni hapo taratibu kwa kipande cha pamba, naye amefumba macho. Asiposikia, msingoje baka limuume, kwa maana huenda lisiume kamwe. Mpelekeni zahanati. Dawa za ukoma hutolewa bure, na humezwa kwa miezi 6 au 12.