Kulipia Usiku Bila Kujenga Nyumba

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama waliokusanyika kusikiliza habari za serikali za mitaa)



Nimeombwa niseme juu ya mabaraza ya miji na watu wasio na mahali pa kulala. Nimechagua habari za Uingereza kwa sababu mbili. Ya kwanza, mabaraza yetu yaliigwa kutoka kule: madiwani, kamati, makisio ya fedha, hata joho la Meya. (Kicheko.) Ya pili, baadhi yetu tuna ndugu wanaokaa London, upande wa mashariki, katika mtaa wa Newham na jirani zake. Wakipiga simu siku hizi hawasemi sana juu ya baridi. Wanasema juu ya pango.

Sheria ya mwaka 1948 iliyapa mabaraza kazi ya kuwapa hifadhi ya muda watu waliokumbwa na shida ya ghafula. Hifadhi yenyewe ilikuwa ya aibu. Mara nyingi mama na watoto walipokewa, na baba akaambiwa aende zake akatafute pa kulala. Mwezi Novemba 1966 BBC ilionyesha mchezo uitwao Cathy Come Home, habari za familia changa iliyovunjwa kwa njia hiyo, na nchi nzima ikashtuka. Chama cha Shelter kilizinduliwa mwezi uliofuata. Lakini Bunge halina haraka ya mtazamaji wa mchezo. Ilipita miaka 11 mpaka mwaka 1977, ndipo Mbunge mmoja wa chama cha Liberal, Stephen Ross, ambaye hakuwa waziri, alipopeleka muswada ukawa sheria.

Sheria hiyo nataka tuisifu kwa haki yake. Ilisema kwamba mtu asiye na nyumba akifika mbele ya baraza, naye ana watoto, au ana mimba, au ni mzee, au mgonjwa, au nyumba yake imeungua au imechukuliwa na mafuriko, basi baraza halina hiari. Ni wajibu wake kumpatia makazi, ila ikithibitika kwamba alijitakia mwenyewe kuikosa nyumba. Nchi nyingi mpaka leo hazina sheria ya namna hiyo. Kijana asiye na mke wala mtoto, mwenye afya yake, hakupewa haki hiyo, na ndiyo maana mtu anayelala barabarani London mara nyingi ni mwanamume wa peke yake. Sheria nyingine iliyoanza kutumika Aprili 2018 ililazimisha mabaraza yamsaidie hata yeye, na yaanze siku 56 kabla mtu hajatolewa nyumbani. Kusaidia, lakini, si kumpa nyumba.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Mwaka 1977 mabaraza yalikuwa na nyumba zao wenyewe, nyingi mno, zilizojengwa kwa fedha za umma. Mwaka 1980 Serikali ya Bibi Thatcher ilipitisha sheria ya kumpa mpangaji haki ya kuinunua nyumba ya baraza kwa punguzo la theluthi moja mpaka nusu ya bei, kwa kadiri ya miaka aliyokaa. Mpangaji hana kosa. Nani kati yetu angekataa? Tangu hapo, karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa katika England peke yake. Kosa lilikuwa katika fedha za mauzo, kwa kuwa mabaraza yalizuiwa yasitumie sehemu kubwa ya fedha hizo kujenga nyingine. Wajibu wa mwaka 1977 ulibaki palepale, na nyumba zilizokuwa zitimize wajibu huo zikawa zinapungua mwaka hata mwaka.

Je, karani wa baraza afanye nini familia inapofika saa kumi jioni na mabegi yake? Sheria inamwamuru ailaze. Nyumba hana. Basi humpigia simu mwenye nyumba wa binafsi, au mwenye nyumba ya wageni, akakubali bei yo yote, tena bei ya usiku mmoja mmoja. Na mwenye nyumba akiona kwamba baraza hulipa kwa usiku kuliko mpangaji wa kawaida alipavyo kwa mwezi, humtoa mpangaji. Mpangaji huyo naye huenda barazani. Nyingine kati ya fleti hizo zilikuwa mali ya baraza lenyewe. Baraza lilizijenga, likaziuza kwa bei ya chini, na leo linazikodi tena kwa bei ya juu.

Tarehe 31 Machi 2025 kaya 131,140 zilikuwa katika makazi hayo ya muda katika England, na ndani yake watoto 169,050. Katika mwaka wa fedha ulioishia siku hiyo mabaraza yalitumia kiasi cha pauni milioni 2,800 kwa kazi hiyo. Muungano wa mabaraza ya London ulisema mwaka 2024 kwamba London peke yake ilikuwa ikitumia pauni milioni 4 kila siku. Fikirini fedha hizo, halafu mwulize diwani zimeacha nini nyuma yake. Hata tofali moja.

Msidhani ni London tu. Eastbourne ni mji wa pwani ambako wazee wa Kiingereza hupenda kustaafu. Mwaka 2023 baraza lake lilieleza kwamba katika kila pauni 1 ya kodi ya wakazi inayobaki kwake, peni 49 zinakwenda kulipia makazi ya muda. Nusu, ndugu zangu! Taka, bustani na kazi nyingine zote za baraza zigawane nusu iliyobaki.

Mtauliza, Serikali Kuu iko wapi? Ipo, na inatoa. Hurudishia mabaraza sehemu ya pango la makazi ya muda. Lakini kipimo cha malipo hayo kiliwekwa kuwa asilimia 90 ya pango la Januari 2011, na mwaka 2025 kipimo kilikuwa bado ni kile kile. Anayetunga sheria yuko Westminster Bungeni, na anayebaki na deni ni diwani wa mji mdogo, ambaye kwa sheria hana ruhusa ya kupitisha makisio yasiyolingana na mapato yake. Mimi naliona jambo hili kuwa ni kumtwika mtu mzigo na kumfunga mikono.

Baraza likibanwa hivyo hutafuta nyumba rahisi, na nyumba rahisi ziko mbali. Mama mmoja mwenye watoto watano, mgonjwa, alikuwa akikaa katika eneo la baraza la Westminster. Serikali ilipopunguza msaada wake hakuweza tena kulipa pango. Baraza likampa nyumba karibu na Milton Keynes, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka kwa marafiki waliokuwa wakimsaidia kuwalea watoto. Akakataa. Baraza likasema basi wajibu wetu umekwisha, na watoto wakapelekwa kulelewa na watu wengine. Kumbukeni mchezo wa mwaka 1966. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 2 Aprili 2015 mama akashinda. Mahakama ilisema baraza haliwezi kumtupa mtu mbali bila kueleza limetafuta wapi karibu, na bila kupima shule na maisha ya watoto.

Yapo mabadiliko, nayo ni haki kuyataja. Novemba 2024 Serikali ilipunguza sana punguzo la kununua nyumba za baraza, na ikayaruhusu mabaraza yabaki na fedha zote za mauzo. Katika ruzuku ya mwaka 2025/26, pauni milioni 633, iliamriwa asilimia 49 zisiguswe kulipia makazi ya muda, bali zitumike kuzuia watu wasitolewe majumbani mwao. Kumlipia mpangaji deni la miezi miwili ni rahisi kuliko kumlaza gesti mwaka mzima na wanawe, na jambo hilo makarani wa mabaraza walikuwa wakilisema tangu zamani. Mabaraza mengine, hasa London, yameanza kuzinunua tena fleti zao za zamani, moja moja, kwa bei ya soko la leo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tangu nilipotaja Eastbourne naona mikono miwili mitatu iko juu, na mmoja wao ni mzee aliyewahi kukaa barazani. Afadhali tumsikilize.