Fildi Bila Msimamizi

Kila likizo ndefu, wanafunzi wa vyuo vikuu Tanzania huzunguka maofisini na barua za kuomba nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina hata fungu la mafunzo hayo. Kwa wanaokopeshwa, basi, hela ipo. Kinachoadimika ni mtu wa kukaa nao. Mwanafunzi wa uhasibu anaachiwa fotokopi na chai ya bosi. Ijumaa daftari lake la kazi linapigwa saini bila kusomwa. Kisha tunashangaa kwamba kwenye usaili hajui kujieleza! Mhadhiri anayekuja kumkagua naye, mara nyingi, hupitia mbiombio. Vyuo vianzie hapo: daftari lisomwe, na kijana aulizwe kazi ipi imemkaa, ipi imemshinda, na kwa nini.