Ijue Metali Kabla ya Kuwasha Moto

 

Wahitimu wetu wa uchomeleaji, nimeombwa nitoe nasaha, nami nitatoa moja tu. Wengi hudhani metali ngumu ndiyo inayochelewa kuyeyuka. Sivyo. Chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kitie kaboni kama asilimia 4, upate chuma cha kusubu, kile cha miguu ya cherehani za zamani: kitakuwa kigumu zaidi, lakini kitayeyuka mapema, karibu nyuzi 1,150. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye 1,085, bati kwenye 232, na zote ni laini. Zichanganye kwa kipimo, utapata aloi ngumu kuliko zote mbili, nayo huyeyuka kabla ya shaba tupu.

Elimu hii si ngeni kwetu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu wahunzi wa kale wa Buhaya, Kagera ya leo, waliotoa chuma chenye kaboni kwa matanuru na mivukuto, kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Kipimajoto hawakuwa nacho.

Ila ukikadiria joto kwa jicho tu, jicho nalo hudanganya. Alumini huyeyuka kwenye 660 bila kuiva ikawa nyekundu. Fundi anayesubiri rangi hushtukia kazi imeporomoka mezani. Tena ganda la juu la alumini, oksidi, huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000 kuyeyuka. Usipolisugua kwa brashi ya waya, mshono haushiki.

Na mabomba yaliyopakwa zinki je? Zinki huchemka kwenye 907. Moto wa kuchomelea umeshapita hapo zamani. Ule moshi mweupe ukiuvuta, usiku utatetemeka kwa homa. Iondoe kwanza kwa grainda, ufanye kazi penye upepo.

Wahitimu, kesho mteja wa hapa Mwananyamala atawaletea kipande asichokijua jina, na bei ataitaka papo hapo. Msikimbilie mashine. Kijaribuni kwa sumaku, kisha kwa tupa. Mkishakijua, ndipo mtaje bei. Msipokijua, mwambieni ukweli. Fundi mwenye pupa huharibu mali ya watu, na jina lake pia.

Hongereni sana.