Mabido matupu: maneno yaliyosemwa Mulungwishi juu ya kejeli, watu na mashini



Nitaanza na kosa letu wenyewe. Kulikuwa siku moja, maji imekauka mu robine wiki nzima. Mmoja wetu akaandika mu grupu ya WhatsApp: « Aksanti sana bakubwa! Leo maji inatoka muchana na usiku. Mulete mabido! » Tulicheka sana. Mtu akamtumia mwenzake, mwenzake akatuma mbele, mpaka ujumbe ukafika kwa mama mmoja wa upande mwingine wa muji. Kicheko chetu hakikufika naye. Mama akakuja kwa miguu, mabido mbili mkononi, moja kichwani, mtoto mgongoni. Robine kavu. Hakututukana. Aliuliza tu: « Bana yangu, si mulisema maji iko? »

Kwa nini hakuelewa? Si ujinga, bandugu. Angekuwa amesimama pale na sisi, angecheka kutupita. Kejeli haikai ndani ya neno. « Aksanti » ni neno zuri, « maji inatoka » ni habari nzuri. Kejeli inakaa katika kile ambacho mwenye kusema na mwenye kusikia wote wawili wanakijua tayari: robine ni kavu. Halafu kuko sauti inayovutwa, « muzuuuri », kuko jicho, kuko mdomo unaopindwa kidogo. Ujumbe wa telefone unaacha hivyo vyote nyuma.

Mwaka 1981 wataalamu wawili, Dan Sperber na Deirdre Wilson, walieleza kwamba mwenye kejeli mara nyingi anarudilia maneno ya mwingine ao ahadi yake, kama mwangwi, ili aonyeshe vile maneno hayo hayasimami. Sisi Wakongomani hatukungoja kitabu. Mwaka 2006 tuliahidiwa « chantiers » tano. Mtu aliyekaa gizani na mushumaa akasema « chantiers hiyo! », jirani yake alishajua ni nini inasemwa. Lakini kama hukusikia ahadi, mwangwi wake unakupita.

Sasa tuangalie mashini. Programu za kwanza zilikuwa zinahesabu tu: maneno mazuri ngapi, mabaya ngapi. Ukiandika aksanti, muzuri, bakubwa, inakuweka kwa wale wenye kusifu. Halafu wataalamu wakakusanya ujumbe wa Twitter ambao wenyewe walitia alama ya # na neno la kusema kwamba ni kejeli, mashini ijifunze humo. Lakini nani anatia alama kwa kejeli yake? Ni kama kueleza mzaha mbele ya kuutoa. Kwa hiyo katika shindano moja la wataalamu, mwaka 2022, wenye kuandika wenyewe ndio waliulizwa: hapa ulikuwa unasema kinyume, ndiyo ao hapana? Njia hiyo ni nzuri, ila ilikuwa kwa Kiingereza na Kiarabu.

Na Kiswahili? Mwaka 2023 kulitoka mkusanyo mkubwa unaoitwa AfriSenti, ujumbe zaidi ya 110 000 wa Twitter katika lugha 14 za Afrika, na Kiswahili kimo. Ni kazi ya kushukuru, na hapa sisemi kinyume. Lakini mafungu yalikuwa matatu tu: sifa, lawama, ao katikati. Kejeli haikupewa fungu lake.

Mashini mpya zimesoma mengi zaidi, na mara nyingine zinakamata mzaha kutupita sisi. Lakini fikirini mtu wa Likasi anaandika: « Mushahara haifike, tunafuata Artikle 15. » Hapa kila mtoto anajua: jitafutie, usingoje mtu. Masimulizi yanasema ilianzia Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji, wakati wa kujitenga. Mashini isiyojua masimulizi hayo itafungua Katiba ya tarehe 18/2/2006, kifungu cha 15, na itakuta habari ya kukomesha jeuri ya kingono. Itafikiri huyu mtu anasema nini?

Wengine watasema ni mambo ya kuchekesha. Mwaka 2014 Secret Service, walinzi wa rais wa Marekani, walitangaza kwamba wanatafuta programu yenye kutambua kejeli. Watu wakawajibu: « Wazo zuri kweli, litafanikiwa kabisa! » Sawa, tucheke. Lakini Uingereza, mwaka 2010, kijana Paul Chambers aliandika kwa mzaha kwamba atalipua uwanja wa ndege uliofungwa na teluji. Haikuwa mashini iliyomhukumu, walikuwa watu. Alipigwa faini, na hukumu ikafutwa mwaka 2012 tu.

Na kwetu kuko sheria ya mambo ya numeriki ya tarehe 13/3/2023. Kifungu cha 360 kinasema: mwenye kuanzisha ao kueneza habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao, ni kifungo cha mwezi 1 mpaka 6, ao amande ya faranga 500 000 mpaka 1 000 000, ao vyote viwili. Ukisema kinyume, maneno yako, yakichukuliwa peke yake, si ya kweli. Mbele ya mkubwa asiyetaka kucheka, utaonyesha nini? Sauti yako haiko kwenye karatasi.

Siwaambii tuache. Mutu akikutazama njaa na kukuomba umsifu, kejeli ni haki yako. Mimi mwenyewe siwezi kukaa siku tatu bila kusema kinyume, dada zangu wanajua. Ninaomba jambo moja: ujumbe wenye kutoka mu grupu kwenda kwa watu wote uchukue pamoja ile yenye tunajua. Tarehe. Avenue. Siku ngapi kavu. Picha ya robine. Mzaha uje chini yake. Hapo mama ataelewa, na kama kuna mashini ao hakimu anasoma, kile tulichokiona kitakuwa mbele ya macho yake.

Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo tutauandika leo jioni, juu ya robine ileile. Mwenye telefone yenye chaji abaki.