Lango la Naboisho
Msikilizaji, Naboisho kwa Kimaasai ni kukusanyika pamoja, na jina halikukosea. Mwaka 2010, huko Narok, Wamaasai wapatao 500, kila mmoja na kipande chake cha ardhi, waliunganisha maeneo yao jirani na Maasai Mara kuwa hifadhi moja ya wanyamapori yenye jina hilo. Kambi za watalii huwalipa kodi. Nao hawajengi wala hawazungushi ua humo, na ng'ombe hulishwa kwa zamu.

Lakini mimi na wewe tukitaka kwenda Jumamosi kutazama simba? Anayeingia ni mgeni wa kambini. Magari yakiwa machache nyasi hupona, hesabu hiyo naielewa. Ila korona ilipowazuia watalii wa ng'ambo mwaka 2020, ilionekana hatari ya kumtegemea mteja wa aina moja.

Anayepanga hifadhi kama hii leo, iwe Laikipia au Kajiado, atenge mapema nafasi ya mwananchi: siku zipi, magari mangapi, kiingilio kiasi gani. Na fedha hizo zigawanywe vipi kati ya mwenye ekari nyingi na mwenye chache? Hilo ndilo gumu. Liandikwe kabla lango halijajengwa.