Juu ya Swali la Udhaifu

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, na kuchapwa humu kwa ombi la Kamati.



Kamati iliponitaka niseme nanyi jioni hii juu ya usaili wa kazi, nalitaka kukataa, kwa kuwa mimi si mwalimu, ni karani tu aliyekaa mezani miaka mingi. Lakini Bwana Mwandishi aliniambia ya kuwa vijana wengi wa chama chetu wameomba vyeo mwaka huu, na tena wapo watoto wetu waliokwisha kumaliza masomo nao wangoja kuitwa. Kwa ajili yao nikakubali. Sitasema juu ya usaili wote. Nitasema juu ya swali moja tu, lile ambalo wengi huliogopa kuliko yote: "Tuambie, udhaifu wako ni nini?"

Mwajua desturi ya siku hizi. Mtu aombaye kazi kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupimwa kwanza kwa mtihani wa mchujo, na kazi nyingine zina mtihani wa vitendo. Kisha huketishwa mbele ya wasaili, ana kwa ana. Mtihani wa karatasi waweza kusomewa vitabuni. Swali la udhaifu halina kitabu. Ndiyo sababu mtu aliyefaulu vizuri kwa kalamu aweza kukwama hapo kama gari katika mchanga.

Nimepata kuketi pande zote mbili za meza ile, na majibu mabaya niliyoyasikia ni ya namna tatu. La kwanza ni la mtu asemaye, "Sina udhaifu." Huyo amejibu kwa kiburi au kwa hofu, na msaili hana njia ya kujua ni lipi. La pili ni sifa iliyovikwa kanzu ya udhaifu: "Naipenda kazi mno, hata nasahau kula." Wasaili wamekwisha kulisikia jibu hilo asubuhi hiyo hiyo kwa watu sita. La tatu ni la mtu afunguaye kila mlango wa nyumba yake, akaeleza maradhi yake, ugomvi wake na shemeji yake, na madeni yake dukani. Huyo hakuulizwa hayo. Aliulizwa juu ya kazi.

Sasa nitawaeleza jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Nalikuwa na rafiki, mtu mwaminifu na mpole, aliyeomba kazi ya kutunza bohari. Alikuwa na tabia moja: hakuandika kitu papo hapo. Kitu kikitoka leo, yeye alikiandika mwisho wa juma, kwa kukumbuka. Usiku wa kuamkia usaili alikuja nyumbani kwangu akaniuliza, "Ndugu yangu, wakiniuliza udhaifu wangu, je, niwaambie habari ya kuchelewa kuandika?" Nikacheka. Nikamwambia, "Usiwe mjinga, ukisema hivyo kazi huipati. Waambie huna subira na watu wavivu." Akalikariri jibu hilo mbele yangu mara tatu. Kesho yake akalitoa vizuri, na kazi akapata. Tukanywa chai kwa furaha.

Haukupita mwaka wa pili wakaja wakaguzi. Wakahesabu mabati, saruji na misumari, wakafungua daftari, na hesabu mbili hizo zikakataana. Mimi nasadiki hata leo ya kuwa hakuiba msumari mmoja. Lakini hati nyingine zilikuwa katika mtoto wa meza hazijaandikwa, na nyingine hazikuonekana kabisa. Alivuliwa cheo, akakatwa mshahara kulipa upungufu, na binti yake aliyekuwa chuoni akarudi nyumbani. Yeye hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Mtaniuliza, "Kama angalisema kweli, je, kazi angaliipata?" Pengine asingaliipata. Pengine wangalimpa kazi nyingine ya kukaa na watu, ambayo aliiweza kuliko sisi sote. Pengine wangalimpa na msaidizi wa kuandika. Sijui. Lakini najua hili: swali lile liliulizwa kwa faida yake pia, nami ndiye niliyemfundisha kulikwepa. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi wasaili wanatafuta nini? Kwa niliyoyaona, mambo matatu: kwamba mtu ajijua, kwamba asema kweli hata inapomgharimu, na kwamba akiona kosa lake hulitengeneza. Udhaifu wenyewe mara nyingi ni jambo la nne.

Tena msidhani kwamba kosa likisemwa humshusha kila mtu sawasawa. Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa Marekani, Elliot Aronson, pamoja na wenzake, waliwasikilizisha wanafunzi sauti za mtu akijibu maswali. Mtu hodari aliyejimwagia kahawa alipendwa zaidi kuliko hodari asiyemwaga. Lakini mtu wa kawaida aliyejimwagia alizidi kushuka. Kupendwa si kuajiriwa, nakubali. Hata hivyo funzo lipo. Ijue kazi yako kwanza, uwaonyeshe ya kuwa waijua, kisha udhaifu wako utasikilizwa kwa masikio ya wema.

Haya ndiyo mashauri yangu kwa atakayeulizwa.

Kwanza, chagua udhaifu wa kweli, tena wa kazi. Pili, pima kama udhaifu huo ndio uti wa mgongo wa kazi unayoiomba. Dereva asiyeona vizuri usiku na mtunza bohari asiyeandika wana neno la kujiuliza wenyewe kabla ya kuulizwa na mtu mwingine. Tatu, toa mfano mmoja: lini, kosa gani. Nne, sema unafanya nini sasa ili lisirudi. Tano, usimtwike mkuu wako wa zamani lawama. Sita, nyamaza. Jibu la dakika moja na nusu latosha.

Mfano, karani wa masijala aweza kujibu hivi: "Nina tabia ya kupokea kazi ya kila aniletaye, nisiseme kwamba mikono imejaa. Mwaka jana barua moja ya haraka ilikaa kwangu siku nne kwa sababu hiyo. Tangu hapo naandika kila kazi katika daftari pamoja na siku yake ya mwisho, na asubuhi namwonyesha mkuu wangu, naye huamua ipi itangulie. Bado naona taabu kusema hapana, lakini tangu mwezi wa tatu hakuna barua iliyochelewa." Jibu hilo halina urembo. Lakini msaili aweza kuuliza swali la pili, na la tatu, na mwenye kujibu hatatafuta maneno, kwa kuwa anasimulia yaliyokuwapo. Njia ya mwongo ni fupi.

Mtu ataujuaje udhaifu wake? Hapa vijana wana bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Zamani mkuu aliandika ripoti ya siri juu ya mtumishi, na mtumishi hakujua limeandikwa nini. Mwaka 2004 Tanzania ilileta mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, ule ulioitwa OPRAS, ambao mtumishi na mkuu wake waliketi pamoja wakajaza fomu. Nao baadaye ukapisha mfumo wa kompyuta. Wengi tuliijaza fomu ile kama watu wanaolipa kodi, upesi na bila kusoma. Tulikosea. Soma uliyoandikiwa. Tena muulize mwenzako wa meza ya pili, maana nyani haoni kundule.

Nina neno pia kwa wenzangu mnaoketi upande wa wasaili. Swali hili si fimbo ya kumtahayarisha kijana. Waulizeni wote swali moja, kwa maneno yale yale, na kuwapa alama kwa kipimo kimoja. Frank Schmidt na John Hunter, walipokusanya mwaka 1998 utafiti wa miaka themanini na mitano, waliona ya kuwa usaili wenye mpango namna hiyo hubashiri utendaji wa mtu kuliko mazungumzo ya ovyo. Zaidi ya hayo, msimwadhibu asemaye kweli huku mkimpa alama mwenye kukariri. Mkifanya hivyo, ninyi ndio walimu wa uwongo, kama nilivyokuwa mimi usiku ule.

Mwaka 1922 huko Tanga, Bwana Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, kwa kuwa waliona mtumishi aliye peke yake ana sauti ndogo. Sisi tunaofuata nyayo hizo tuna wajibu mmoja mdogo: mwanachama akiitwa usaili, wawili wetu tumketishe, tumwulize maswali, na tumwambie kweli kwa upole. Si kumfundisha maneno ya kukariri.

Rafiki yangu niliyemtaja amekwisha kustaafu. Nalikwenda kumwona kabla ya kuiandika hotuba hii, nikamwomba ruhusa ya kuieleza habari yake, pamoja na msamaha. Akanipa vyote viwili. Kisha akasema, "Waambie vijana waandike papo hapo." Nami nimefikisha ujumbe wake.

Nawatakia heri wote watakaoitwa.